Gemu inayojipigania: Kwa nini ni vigumu kuiweka chini?

UKIPANDA matatu ya 46 ya kwenda Kawangware saa 12 jioni, wakati magari yamekwama na hakuna aendaye mbele wala nyuma, hebu tazama simu za abiria walio karibu nawe. Mmoja anasoma ujumbe, wa pili anatazama video, wa tatu anacheza gemu. Mara nyingi gemu hiyo ni ya mpira au ya kufyatuliana risasi, na vidole vya mchezaji havitulii hata kidogo. Lakini siku moja utamwona mtu aliyeikodolea simu macho huku vidole vyake vimetulia tuli. Kwenye kioo cha simu majeshi mawili madogo yanapigana. Yeye anatazama tu.

Usidhani anatazama sinema. Anacheza, tena kwa bidii. Hiyo ni aina ya gemu ambayo wapenzi wake huiita otobatla, yaani gemu ya jeshi linalojipigania lenyewe. Wazazi huuliza: "Daktari, huyu kijana hata hachezi, anatazama tu. Mbona hawezi kuiweka chini?"

Swali hilo ni la maana, kwa sababu jibu lake linahusu usingizi, na usingizi ukikosekana mwili mzima huyumba.

INAVYOCHEZWA

Gemu hizi zilianza kuvuma Januari 2019, kampuni ndogo ya China iitwayo Drodo ilipotoa Dota Auto Chess. Kabla ya mwaka huo kwisha, kampuni kubwa zilikuwa tayari zimetoa za kwao: Teamfight Tactics na Dota Underlords mwezi Juni, kisha Hearthstone Battlegrounds mwezi Novemba. Machi 2020 Teamfight Tactics ikaingia kwenye simu. Tangu hapo mchezaji hahitaji kompyuta ya bei ghali. Simu na bando vinamtosha.

Tuchukue hiyo Teamfight Tactics kuwa mfano. Watu 8 hukutana kupitia intaneti. Kila raundi, kila mmoja hupata dhahabu kidogo na kuonyeshwa duka lenye wapiganaji 5 wa kuchagua. Hununua awatakao na kuwapanga kwenye ubao: huyu mbele akinge, yule nyuma apige. Ukipata wapiganaji 3 wanaofanana, wanaungana kuwa mmoja mwenye nguvu zaidi. Ukiweka akiba, kila dhahabu 10 hukuletea riba ya dhahabu 1, mpaka ufikie riba ya 5.

Muda wa kupanga ukiisha, kazi yako imeisha pia. Askari wanakabiliana wenyewe, nawe unangoja kuona kama mpango wako ulikuwa mzuri. Ukishindwa, unapunguziwa nguvu. Nguvu zikiisha, umetoka. Mechi nzima huchukua kama nusu saa au zaidi.

TOFAUTI NA GEMU NYINGINE

Ili uelewe utamu wa gemu hii, ilinganishe na zile unazozijua. Katika vibanda vya gemu vya Kawangware na Kangemi, mpira ndio mfalme. Lakini gemu ya mpira ni ya vidole vyepesi. Baba wa miaka 45 akikaa na mwanawe wa miaka 15, atafungwa mabao matano na kuinuka akicheka kwa aibu. Katika gemu ya jeshi linalojipigania, vidole vya baba si kitu. Kinachotakiwa ni hesabu, akiba na subira, na hayo baba anayo.

Katika gemu ya risasi kama Free Fire, hadi watu 50 hutupwa kisiwani na mwishowe husalia mmoja au kikundi kimoja tu. Wengine wote wameshindwa. Katika Teamfight Tactics, wanne wa kwanza kati ya wanane hupandishwa alama. Nusu ya wachezaji huondoka wakihesabu kwamba wamefanya vyema. Hata aliyekuwa wa nne analala na tabasamu, ikiwa atalala.

Angalia tena drafti inayochezwa kwa vifuniko vya soda pale kwenye steji. Drafti haina bahati. Aliye bora atakushinda leo, kesho na kesho kutwa, nawe huna wa kumlaumu ila kichwa chako. Lakini katika gemu hii duka hukuletea wapiganaji kwa bahati nasibu. Ukishinda, unasema ni akili yako. Ukishindwa, unasema duka lilikunyima. Moyo haukatiki tamaa, na mkono unarudi kuanza mechi nyingine.

Mzee anayejua bao la Kiswahili ataelewa jambo hili haraka. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huchagua shimo na upande wa kuelekea, kisha husambaza kete. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huzichota na kuendelea, hata pengine ubao mzima ukazungukwa mpaka kete iangukie shimo tupu. Uamuzi ulikuwa mmoja tu. Mengine yote ni matokeo yake. Watazamaji wanaozunguka ubao hufurahia papo hapo: kuuona mpango wa mtu ukijifunua wenyewe. Gemu mpya imechukua furaha hiyo ya kale na kuichanganya na bahati.

UBONGO UNAFANYA NINI?

Mwaka 1998 watafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, walipiga picha za ubongo wa wanaume 8 waliokuwa wakicheza gemu ya kuendesha kifaru. Waliona kwamba wakati wa kucheza, ubongo ulitoa kwa wingi kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii ndiyo inayoushika mwili sikio na kuuambia: "Jambo hili ni la maana, lirudie."

Tena kuna jambo ambalo mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alilionyesha zamani kwa kutumia panya na njiwa. Mnyama anayepata chakula kila anapobonyeza kitufe hubonyeza akashiba na kuacha. Lakini anayepata mara nyingine na kukosa mara nyingine, bila kujua lini, hubonyeza kwa muda mrefu sana hata chakula kinapokatizwa. Duka la wapiganaji katika gemu hizi hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

La tatu ni kule kukosa kidogo tu. Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge walichunguza watu waliokuwa wakicheza mashine ya kamari. Waligundua kwamba mtu akikosa ushindi kwa nukta moja, sehemu za ubongo zinazoshughulika na ushindi huamka, na hamu ya kuendelea huongezeka, ingawa ameshindwa. Hao walikuwa wakicheza kamari. Lakini fikiria mtu aliyeona askari wake wa mwisho akianguka huku adui amebakiwa na mmoja aliye taabani. Je, huyo atazima simu?

MWILI HAUNA BREKI HAPA

Hapa ndipo penye hatari hasa, msomaji. Gemu ya mpira ina breki zake. Vidole huchoka, shilingi huisha, mwenye kibanda hufunga mlango. Drafti nayo ina breki: giza huingia, na mwenzako hurudi nyumbani kula. Gemu ya jeshi linalojipigania haina breki ya namna hiyo. Vidole havichoki kwa kuwa havifanyi kazi kubwa. Hata saa 9 usiku watu wengine 7 watapatikana mahali fulani duniani. Tena yale mapumziko ya kutazama humdanganya mchezaji kwamba anapumzika, kumbe akili iko macho kabisa ikipanga raundi ijayo.

Chukulia mfano wa kijana wa boda boda anayeishi Kangemi. Saa 4 usiku anajilaza na simu yake acheze mechi moja tu. Mechi ni dakika 35. Anakuwa wa tano, karibu kabisa na wanne wa kwanza, basi anaongeza nyingine. Akicheza mechi 5, saa 7 usiku imebisha hodi. Saa 10 na nusu alfajiri anaamka awahi abiria. Amelala saa 3 na nusu hivi, ilhali mtu mzima anahitaji angalau saa 7, na kijana wa shule ya upili saa 8 hadi 10.

Mtu huyu ndiye anayeingia Waiyaki Way akiwa amembeba mama na mtoto. Mwendo wa fikira zake umepungua, na macho yanaweza kufumba kwa sekunde mbili bila yeye kujua. Akizoea hivyo miezi na miaka, hatari ya shinikizo la damu, kisukari na huzuni inaongezeka. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

USIICHANGANYE NA KAMARI

Wazazi wengine huona mtoto anatazama simu bila kugusa, wakasema ni kamari. Inafaa kutofautisha. Teamfight Tactics huchezwa bila malipo. Kinachouzwa humo ni mapambo, ambayo hayamwongezei mtu nguvu ya kushinda, ingawa mengine huuzwa kwa bahati nasibu na yanaweza kula pesa. Aviator, iliyotolewa mwaka 2019, ni kitu kingine. Huko unaweka pesa, unatazama ndege ikipaa na kiwango kikipanda, nawe ujitoe kabla haijatoweka. Katika gemu ya jeshi, anayejifunza huwa bora. Katika Aviator hakuna la kujifunza, kwa maana hakuna awezaye kujua ndege itatoweka lini.

Sisemi kwamba gemu hizi huzaa wacheza kamari. Nasema kwamba ile hisia ya "nilikuwa karibu kushinda" ni moja kote kuwili. Mtoto akianza kuuliza jinsi ya kuweka pesa, keti naye umweleze tofauti hii siku hiyo hiyo.

JE, NI UGONJWA?

Kwa wachezaji wengi, la. Gemu hii humfunza mtu kuweka akiba na kuvumilia hasara, na hata mwenye maumivu ya viungo vya mikono anaweza kuifurahia. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na ndani yake mna maradhi ya kutawaliwa na gemu. Dalili zake ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12, na imeharibu masomo, kazi au jamaa yake. Kucheza sana wakati wa likizo si ugonjwa huo.

UFANYE NINI?

Kwanza, hesabu mechi, usihesabu dakika. Kijana akisema, "Mama, nimalize hii," kwa kawaida hadanganyi, kwa kuwa mechi ya watu 8 haiwezi kusimamishwa. Ukimpokonya simu katikati utaleta ugomvi tu. Mkubaliane kabla hajaanza: leo ni mechi 2. Ya pili ikiisha, simu iwekwe.

Pili, mechi ya mwisho iishe saa nzima kabla ya kulala. Simu ichajiwe mbali na kitanda. Hata wanaoishi katika chumba kimoja wanaweza kuiweka karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa aliyelala haufiki.

Tatu, ukishindwa kwa nukta ndogo, huo ndio wakati wa kuacha. Hamu unayoiona wakati huo ni ya ubongo uliodanganywa kwamba umeshinda.

Nne, kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, nawe upepese. Anayekodolea kioo husahau kupepesa, na macho hukauka na kuwasha. Wakati askari wanapigana, inuka ujinyooshe, hawakuhitaji.

Tano, mtoto asijue namba ya siri ya M-Pesa yako.

Mwone daktari au nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe ikiwa unasinzia mchana ukiwa kazini au ukiendesha chombo, ikiwa una maumivu chini ya kidole gumba yasiyoisha kwa wiki mbili, au ikiwa kijana ameacha shule, chakula au marafiki kwa ajili ya gemu. Usione haya kumweleza daktari kwamba tatizo ni gemu. Mwambie unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi, kwani hapo ndipo atakapoanzia kukusaidia.