Bima mpya ya afya: Wakazi wa bara ya Mombasa watafaidika vipi?

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Kati yao, 154,171 pekee ndio waliohesabiwa katika kaunti ndogo ya Mvita, yaani kisiwani. Waliosalia, zaidi ya milioni moja, walikuwa wakiishi bara: Likoni upande wa kusini, Kisauni na Nyali upande wa kaskazini, na Changamwe na Jomvu upande wa magharibi. Hata hivyo, hospitali kuu ya umma katika ukanda mzima wa Pwani, Coast General, iko kisiwani.

Yeyote anayetaka kupima mageuzi ya afya yanayoendelea nchini hana budi kuanza na hesabu hiyo. Mgonjwa mahututi wa Likoni hutegemea feri, au azungushwe kupitia barabara ya Dongo Kundu hadi Miritini kabla ya kuelekezwa mjini. Wa Kisauni hutegemea daraja la Nyali, na wa Changamwe hushindana na malori ya bandarini. Kwa watu hawa, zahanati ya mtaani na hospitali za Likoni na Port Reitz ndizo tegemeo la kwanza.

Suala la nani agharimie matibabu si geni. Baada ya uhuru, serikali iliondoa ada katika hospitali za umma mwaka 1965. Desemba 1989 ada zilirejeshwa chini ya mpango wa kuchangia gharama, zikasitishwa mwaka 1990 kufuatia malalamiko ya umma, kisha zikarudi hatua kwa hatua. Mwaka 2004 ziliteremshwa hadi Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya. Mwaka uo huo Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Juni 2013 ada za zahanati na vituo vya afya zilifutwa, na huduma za uzazi zikawa bila malipo katika hospitali za umma.

Mwaka huo wa 2013 ndio pia ambapo kaunti zilikabidhiwa hospitali, kama inavyoagiza Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 cha katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Hatua ya sasa ilianza Oktoba 2023, Rais William Ruto alipotia saini sheria nne za afya. Mahakama Kuu ilizipinga baadhi yake Julai 2024, ila Mahakama ya Rufaa ikasitisha uamuzi huo. Tarehe 1 Oktoba 2024, mamlaka ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF, shirika lililokuwa limehudumu tangu mwaka 1966.

Sheria hizo zimeunda hazina tatu. Ya kwanza hulipia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, na fedha zake hutoka serikalini. Mkazi akishajisajili, anastahili kuhudumiwa huko hata kama hajalipa mchango. Ya pili ni ya bima yenyewe, na hutokana na michango ya wanachama. Hii ndiyo inayotarajiwa kulipa mgonjwa anapolazwa hospitalini. Ya tatu ni ya dharura na maradhi sugu, hasa mgonjwa anapomaliza kiwango chake cha bima.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Anayepata Sh20,000 hulipa Sh550, ilhali chini ya NHIF alikuwa akilipa Sh750. Anayepata Sh100,000 hulipa Sh2,750 badala ya Sh1,700. Kwa hivyo mzigo umehamishwa kutoka kwa mwenye kipato kidogo hadi kwa mwenye kikubwa.

Lakini wengi wa wakazi tunaowazungumzia hawana hati ya mshahara. Ni vibarua wa bandarini, wachuuzi wa soko la Kongowea, waendeshaji tuktuk na bodaboda, na akina mama wanaokaanga samaki na mihogo jioni. Hawa hukadiriwa mapato kwa maswali kuhusu hali ya maisha yao, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Kiasi hicho ni nafuu kikilinganishwa na Sh500 za NHIF. Tatizo ni kwamba mchango wao umepangwa kulipwa kwa mwaka mzima, yaani Sh3,600 kwa mpigo. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kuziweka kando kwa urahisi, na hata mpango wa mkopo ulioanzishwa baadaye humwachia deni la kulipa.

Jambo la pili ni fedha za hospitali zenyewe. Baada ya ugatuzi, hospitali nyingi zililazimika kupeleka mapato yao katika hazina ya kaunti, zikisubiri kurudishiwa. Sheria mojawapo ya mwaka 2023 inaziruhusu kubaki na mapato hayo ili zinunue dawa na vifaa. Manufaa yake yatategemea kama SHA italipa kwa wakati, kwani hospitali za umma na za kibinafsi zimelalamika mara kwa mara kuhusu kucheleweshwa kwa malipo.

La tatu ni wahudumu. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2016 na 2017 ulidumu siku 100, wa wauguzi mwaka 2017 ukachukua takriban miezi mitano, na wa madaktari mwaka 2024 ukachukua siku 56. Kadi ya bima haina maana mbele ya zahanati iliyofungwa. Aidha, kupungua kwa misaada ya Marekani tangu mapema mwaka 2025 kumeongeza shinikizo kwa kliniki za virusi vya ukimwi na kifua kikuu. Mwaka 2001, viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, ahadi ambayo Kenya haijaitimiza.

Kwa mkazi wa Mtongwe, Mlaleo au Magongo, basi, vipimo vya mageuzi haya ni vyepesi kuvieleza. Je, zahanati ina dawa? Je, muuguzi yuko usiku? Je, mama anayejifungua kwa shida anaweza kupasuliwa upande wake wa maji, bila kungoja feri? Kaunti na serikali kuu zitakapoweza kujibu ndiyo kwa maswali hayo, ndipo wananchi watakapoona sababu ya kutoa mchango wao.