Nani Atalipa Motokari ya Wagonjwa?

Ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Mtu ameanguka njiani, hana fahamu. Motokari ya wagonjwa inafika na kumpeleka hospitali mbio. Je, aliweza kuuliza bei mbele ya kupakiwa? Hapana.

Huko Marekani watu wengi wana bima, ile wengi kwetu wanaita asiransi: unatoa fedha kila mwezi, na siku ya ugonjwa wenye bima wanasaidia kulipa. Lakini mara nyingi wao na wenye motokari hawakupatana bei. Bima inalipa sehemu tu, na mgonjwa akiisha kupona analetewa deni la yaliyobaki. Mwaka 2020 baraza kubwa la nchi lilitunga sheria ya kukataza madeni mengi ya namna hii, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2022. Iliwakinga wenye bima wanaochukuliwa kwa ndege na helikopta. Motokari za barabarani ziliachwa nje! Nashangaa sana, maana wanaokwenda kwa barabara ndio wengi. Iliamriwa tu halmashauri ichunguze neno hili. Jimbo la California halikungoja. Kwa sheria yake ya 2023, bima zilizo chini ya sheria hiyo zimepewa amri mpya: mgonjwa asidaiwe kupita sehemu ambayo angalilipa kama bei ingalikuwa imepatanwa.

Na meno je? Bima ya serikali kwa wazee, iliyowekwa 1965, iliacha karibu kazi yote ya meno, kana kwamba jino si sehemu ya mwili. Sisi wauguzi tunajua uso unavyovimba kwa jino moja bovu. Jimbo la Massachusetts lilipiga kura mwaka 2022: katika kila dola 100 zinazotolewa kwa bima ya meno, 83 zitumike kwa meno yenyewe. Zikipungua, watu warudishiwe.

Usidhani sheria hizi ni rahisi. Bima ikilazimishwa kulipa jambo jipya, fedha ya kila mwezi yaweza kupanda, na maskini akashindwa. Kwa hiyo tangu sheria ya 2002 wabunge wa California hupeleka mashauri ya namna hii kwa wataalamu wa chuo kikuu, wayapime kwa siku 60: matibabu yanafaa kweli? Gharama itaongezeka kiasi gani?

Nawe, kama umo katika chama cha kusaidiana matibabu, muulize mwandishi wake leo, ungali mzima: meno yamo? Motokari imo? Na kama imo, inalipwa toka kijijini kwako, au toka hospitali ndogo tu mpaka kubwa?