Sarafu ya kale iliyomfanya mwanangu aulize swali gumu

Sarafu yenyewe ni ndogo kuliko shilingi mia ya nyumbani Tanzania. Ina rangi ya kahawia iliyokolea na imelika kidogo ukingoni. Niliinunua kwa pauni 25 hapa Uingereza, katika maonyesho ya sarafu, iwe zawadi ya kijana wangu alipotimiza miaka 11.

Nilidhani nanunua kitu cha kumtoa kwenye simu. Kumbe nilikuwa nanunua mazungumzo ambayo mimi na yeye tulikuwa tukiyakwepa karibu mwaka mzima. Tangu nioe tena na mdogo wake azaliwe, mtoto huyu alikuwa amepunguza maneno. Anasalimia, anakula, anapanda chumbani kwake, basi.

Si lazima uwe tajiri

Wengi hudhani kitu cha Warumi lazima kiwe ghali. Sarafu za dhahabu ni ghali kweli. Lakini zile za shaba nyeusi za karne ya 4 zilikuwa pesa za sokoni, zikifuliwa kwa mamilioni katika karakana kuanzia London hadi Alexandria. Mwaka 2013, katika eneo la Seaton Down, Devon, mtu mmoja mwenye kifaa cha kutambua madini alikuta lundo la sarafu 22,888 za zama hizo. Ndiyo maana za kawaida kabisa unaweza kuzipata kwa pauni 5 hadi 20.

Mtoto hahitaji kujua Kilatini. Mpe kioo cha kukuzia na taa nzuri. Upande mmoja ataona kichwa cha mtawala na jina lake, kama tulivyozoea kumwona Mwalimu Nyerere kwenye senti zetu. Upande wa pili kuna picha na maneno ya kujisifu. Chini kabisa kuna herufi za karakana: PLON ni London, SMANT ni Antiokia, CONS ni Constantinople.

Nyingi zina askari wawili na maneno GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Za mwanzo zina bendera mbili katikati ya askari hao. Baadaye sarafu ilipunguzwa ukubwa, nafasi ikawa finyu, ikabaki bendera moja. Hapo mtoto anashika kiganjani pesa inayopungua thamani.

Crispus ni nani?

Yetu ilikuwa na herufi PLON, na jina CRISPVS. Tulisoma habari zake pamoja mezani, jioni ya Jumamosi.

Crispus alikuwa mtoto wa kwanza wa mfalme Constantine, aliyezaliwa na mama mwingine kabla Constantine hajamwoa Fausta. Mwaka 317 baba yake alimpa cheo cha Kaisari, yaani mrithi. Mwaka 324 aliongoza merikebu za baba yake, wakamshinda Licinius. Kisha mwaka 326 baba yake huyohuyo akaamuru auawe. Waandishi wa kale walimhusisha Fausta, mama wa kambo, ambaye naye alikufa mwaka uleule. Jina la Crispus likafutwa kwenye maandishi ya mawe. Lakini sarafu zilikuwa zimeshasambaa mikononi mwa watu, hazikufutika.

Nyuma ya sarafu yetu imeandikwa BEATA TRANQVILLITAS, utulivu wenye baraka.

Kijana akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo, Baba, waliobaki ni wale wadogo zake, watoto wa mama mdogo?"

Nilijua hatuzungumzii tena Warumi.

Ningeweza kumjibu kwa historia: kwamba wale wadogo watatu waligawana dola baba yao alipofariki mwaka 337, na mwaka 340 mmoja akafa akimvamia ndugu yake. Niliweka sarafu chini. Nikamwambia kwamba mdogo wake hakuja kuchukua nafasi yake, na kwamba kosa lilikuwa langu kwa kudhani atalijua hilo bila kuambiwa. Alilia. Mama yake mdogo alikuwa jikoni, amesikia kila neno. Alikuja akaketi, akaomba kuonyeshwa sarafu, na kijana akamsomea herufi moja moja.

Kabla hujanunua

Mzazi mwenzangu, kama unataka kujaribu, zingatia mambo machache.

Usisafishe kwa siki, ndimu wala brashi ya chuma. Mimi niliharibu sarafu moja kwa siki: ule utando wa kijani ukatoka, na sura ya mfalme ikaondoka nao. Tumia maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi ya mvuke, uiloweke kwa siku kadhaa ukibadilisha maji. Kisha tumia mswaki laini na kijiti cha meno. Hapa haraka haraka haina baraka.

Muulize muuzaji sarafu imetoka wapi na ilikuwa ya nani. Nyingi zinazouzwa zikiwa bado na udongo hutoka nchi za Balkani, na zipo zilizochimbwa kwa wizi. Asiyetaka kukujibu, mwachie mzigo wake. Na ukiokota lundo la sarafu za kale hapa England, sheria inakutaka uripoti.

Mwisho, jihadhari na watoto wadogo. Wa kwetu bado anatia kila kitu mdomoni, kwa hiyo boksi la sarafu linakaa juu ya kabati. Anayehakikisha kila jioni kwamba limerudishwa pale ni kaka yake.