JE, WAJUA? Kuutunza mwili ni wajibu wa Mkatoliki

Bonde la Yaeda Chini, wilayani Mbulu, ni sehemu ya makazi ya Wahadzabe, ambao hutembea mwendo mrefu wakitafuta asali, mizizi, matunda na mawindo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima mapigo ya moyo ya Wahadzabe na kukuta kwamba kwa wastani mwili wao hufanya kazi ya nguvu ya kiwango cha kati au zaidi kwa dakika 135 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150, tena kwa wiki nzima! Shinikizo la damu ni nadra kwao, hata kwa wazee.

Nasi Wakatoliki tunahimizwa kuujali mwili: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tuzitunze kwa busara, tukijali pia mahitaji ya wengine. Namba inayofuata inaonya: mwili usigeuzwe kitu cha kuabudiwa. Onyo hilo ni la haki kabisa, lakini lisiwe kisingizio cha uvivu.

Kama kigango chako hakiko mbali, Jumapili hii acha bodaboda, nenda Misa kwa miguu.