Kerins: Aliyeisaka medali moja kwa miaka 10, akapitia Zambia

ITUMBA. Ukitoka hapa Itumba ukashika lami hadi Mpemba, ukaingia Tunduma na kuvuka mpaka wa Nakonde, bado una kilomita kama 1,000 kufika Lusaka. Na ukifika Lusaka hujamaliza. Mongu iko magharibi kabisa mwa Zambia, kilomita 600 hivi nyingine, pembeni ya bonde la Mto Zambezi, kule kwa Walozi wenye sherehe yao ya Kuomboka.

Mwaka 2005 alitua Mongu mzungu mmoja, kwa miezi mitatu, kufanya kazi ya kujitolea katika kituo cha Cheshire cha watoto wenye ulemavu. Kazi yake ilikuwa fiziotherapia: kunyoosha viungo, kumfundisha mtoto kusimama, kumfundisha kupiga hatua. Ukikutana naye barabarani usingejua kama kwao huyu ni staa anayejaza uwanja wa watu 82,000.

Jina lake Alan Kerins, mtu wa Galway, Ireland. Katika vibanda umiza vyetu hakuna anayemjua, na si kosa la mtu. Hakucheza soka hili la Simba na Yanga. Alicheza soka la Kigaeli, na pia halingi. Michezo miwili, timu mbili za mkoa, mtu mmoja.

Ngoja nikupe darasa fupi. Katika soka la Kigaeli kila timu ina watu 15. Mpira unashikwa kwa mikono, lakini ukitembea nao hatua nne lazima uudundishe au uupige kwa mguu urudi mikononi mwako. Goli lina milingoti mirefu inayopita juu ya mwamba. Ukiupitisha mpira juu ya mwamba unapata pointi moja, ukiutia wavuni unapata tatu. (Mwaka 2025 waliongeza pointi mbili kwa shuti la mbali, ila hayo si ya enzi za Kerins.) Halingi ina hesabu hizohizo na idadi hiyohiyo ya wachezaji, tofauti yake ni kwamba wanatumia fimbo ya mti na kipira kidogo kigumu kinachopita masikioni kama risasi. Nilipoitazama mara ya kwanza nilidhani watu wanapigana.

Sasa sikia kinachoshangaza. Hawalipwi. Tangu chama chao, GAA, kianzishwe mwaka 1884, mchezaji hana mshahara, hana ada ya usajili, hauzwi. Anachezea klabu ya kijijini kwao na kaunti yake, sisi tungesema mkoa. Kama wewe ni wa Ileje, unachezea Songwe, basi. Hakuna wa kukuvizia usiku na bahasha.

Utauliza, jamaa wanakula nini? Wanafanya kazi. Anayekufungia Jumapili mbele ya umati wote ule, Jumatatu asubuhi unamkuta darasani anafundisha, au hospitalini. Kerins naye ndiyo maisha aliyoishi.

Wakubwa wa huku wanaikumbuka Tukuyu Stars, jirani zetu wa Rungwe, waliochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 mbele ya Simba na Yanga. Baada ya raha ile, nyota wakaanza kushuka Dar. Sekilojo Chambua akaenda Yanga. Nani atamlaumu? Mpira ndiyo ugali. Lakini nikimsoma Kerins huwa najiuliza Tukuyu ile ingekuwa timu ya namna gani kama sheria ingesema mtu haondoki kwao.

Turudi kwa mtu wetu. Septemba 2001 ndiyo iliyomtambulisha, na ndiyo iliyomwachia kidonda.

Tarehe 9 alikuwa Croke Park, Dublin, kwenye fainali ya halingi ya Ireland nzima, Galway dhidi ya Tipperary. Tipperary walipata mabao mawili na pointi 18. Galway, mabao mawili na pointi 15. Ukijumlisha ni 24 kwa 21. Bao moja tu lingesawazisha mambo. Kerins akatoka mikono mitupu.

Wiki mbili baadaye, tarehe 23, akarudi kwenye uwanja uleule, safari hii na timu ya soka ya mkoa uleule. Wapinzani ni Meath. Hapo Kerins hakuwamo kwenye 15 walioanza, alikuwa mtu wa benchi. Shujaa wa siku alikuwa Pádraic Joyce, aliyepachika pointi 10 peke yake, na Galway ya kocha John O'Mahony ikashinda 17 kwa 8. Kerins akavishwa medali ya ubingwa wa Ireland.

Medali ni medali. Lakini kwao ni Clarinbridge, kijiji cha pwani kinachojulikana kwa vitu viwili, chaza na halingi. Mtoto wa pale anakua na fimbo mkononi. Ni sawa na mtoto wa Kariakoo arudi nyumbani na kombe la kikapu: mtashangilia, mtachinja kuku, halafu babu atakuuliza lile lingine liko wapi.

Lile lingine likawa linamkimbia. Machi 2002 klabu yake ya Clarinbridge ilifika fainali ya klabu za Ireland ikachapwa na Birr. Si kipigo cha kusimulia, mabao mawili na pointi 10 dhidi ya bao moja na pointi tano tu.

Ndipo ukaja mwaka 2005 na Mongu. Tulitazame hili kwa macho ya mpira. Mchezaji wa mkoa aliye kwenye ubora wake anaacha mazoezi kwa miezi mitatu, mwili ukiwa ndiyo mtaji wake, anakwenda mahali ambako hakuna timu wala fimbo. Kwa kocha yeyote hiyo ni nafasi imepotea. Alipomaliza akarudi, akaingia kikosini, na Septemba 11 mwaka huohuo alikuwa tena Croke Park kwenye fainali ya halingi.

Njiani Galway walikuwa wameing'oa Kilkenny, wababe wa enzi hizo, kwa mechi ya mabao tisa. Watu wakasema mwaka ndiyo huu. Kwenye fainali wakakutana na Cork: bao moja na pointi 21, kwa bao moja na pointi 16. Yaani 24 kwa 19. Angalia namba hiyo, Tipperary walimfunga kwa 24, Cork nao 24.

Ila Mongu haikumtoka. Alianzisha shirika la kuchangia miradi Afrika kwa jina lake, likaanza na watu wa kule Zambia na kukusanya mamilioni ya euro. Wachezaji wenzake na mashabiki wa mikoa pinzani walitia mikono mifukoni. Mtu asiyelipwa hata senti kucheza alikuwa akitumia jina alilolipata uwanjani kuchangishia watoto wa Mongu.

Machi 17, 2006, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, akapata nyingine. Klabu yake ya soka, Salthill-Knocknacarra, iliifunga St Gall's ya Belfast pointi 7 kwa 6 na kuwa bingwa wa klabu Ireland. Soka tena! Mkoa medali, klabu medali. Halingi, sifuri.

Miaka ikakatika, umri ukavuka 30. Mwaka 2011 Clarinbridge wakafika nusu fainali ya klabu dhidi ya De La Salle. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, mabao yakamiminika, na wakapenya kwa pointi moja.

Fainali ikawa Machi 17, Croke Park, mpinzani O'Loughlin Gaels wa Kilkenny. Safari hii hapakuwa na presha. Kipenga cha mwisho kilipolia ubao ulisomeka mabao mawili na pointi 18 kwa pointi 12, na wanakijiji wa Clarinbridge wakamwagika uwanjani kuwasaka watoto wao.

Piga hesabu. Mabao mawili ni sita, jumlisha 18. Ni 24.