Mti wenye pango una wapangaji

"Hebu hesabu, mwandishi," fundi seremala wa Mandewa, mjini Singida, aliniambia, akanigeuzia kichwa cha gogo la mninga. Alikuwa amekipiga randa kikang'aa, pete zikaonekana moja ndani ya nyingine. Karibu na kiini nilihesabu haraka. Kadiri nilivyokwenda nje zikabanana hadi ncha ya kalamu ikawa nene kuliko nafasi iliyopo. Nilipofika 60 macho yakachanganyikiwa, na gome bado lilikuwa mbali.

Singida ina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Mvua ikinyesha mti hunenepa, kiangazi kikiingia unasimama, na hapo ndipo pete inapojichora. Nchini Zimbabwe wanasayansi walizisoma pete za mninga na mwaka 1999 wakatoa matokeo yao: mti huo unahitaji kama miaka 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kitanda unachokilalia kilianza kuota kabla babu yako hajaoa.

Tena huanza kwa kusuasua. Mche wa mninga hauchipui na kwenda moja kwa moja juu. Kila kiangazi shina lake hufa hadi ardhini, mzizi ukabaki hai chini. Mvua zikirudi unachipua upya, kisha unakufa tena. Watafiti wa misitu walilieleza jambo hili hapa nchini tangu miaka ya 1960. Mche unaweza kukaa hivyo miaka 10 na zaidi, ukijaza mzizi, ndipo mwaka mmoja unapata nguvu ya kurefuka na kuushinda moto wa nyika. Wala haupendi kivuli. Kwa hiyo wanaodhani ukiufungia msitu kwa kufuli mninga utajaa wenyewe hawaujui mti huu.

Kanuni za uvunaji nchini zinaweka unene wa chini: mninga usikatwe kabla haujafika kipenyo cha sentimita 45, mpingo sentimita 24, ukipimwa kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Fundi alichukua futi yake akaizungusha hewani kunionyesha mzunguko wa mninga wa kipenyo hicho: sentimita 141. Kanuni hiyo inawalinda vijana, na ni nzuri. Lakini ina sakafu bila dari. Mzigo wote unawaangukia wazee, na msituni wazee ndio wenye nyumba.

Mchukue mumbi, yule ndege mkubwa mweusi mwenye ngozi nyekundu usoni, anayetembea chini kwa kundi na kuvuma alfajiri kama ngoma ya mbali. Shirika la IUCN limemweka kwenye orodha ya walio hatarini. Mumbi hutaga ndani ya pango la mti mkubwa. Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, kinda mmoja ndiye hupona, na nchini Afrika Kusini imeonekana kundi moja hukuza kinda mmoja tu kwa wastani wa miaka 9. Ndege wa namna hiyo akipoteza nyumba hana namna ya kufidia haraka. Pango lenyewe halichongwi kwa msimu: tawi linavunjika, kuvu inaingia, mchwa wanafuata, moto unakula kidogo, na miongo inapita. Kwenye shina la unene wa paja pango la mumbi halipo. Bundi, komba, popo na kasuku wadogo wa kijani nao wamo kwenye foleni ya nyumba hizohizo. Nyuki pia, na Singida bila nyuki ni mkoa mwingine kabisa.

Sasa lije jambo lililonishangaza. Mpasua mbao hautaki mti wenye pango. Anaugonga kwa shoka, anasikia mlio mtupu, anapita. Anautaka ule ulionyooka, wenye moyo mzima. Mti bora wa mbao na mti bora wa mumbi si mti mmoja, na kwa hesabu hiyo ugomvi wa msumeno na mnyama ni mdogo kuliko tunavyousimulia.

Basi kwa nini wanyama wanapungua? Kwa sababu mpasua mbao akiondoka njia yake inabaki. Trekta limefungua, pikipiki inafuata. Mchoma mkaa hachagui: pango au si pango, linaungua vilevile. Mwindaji wa asali anaangusha mti mzima kwa ndoo moja. Mtego wa waya nao unaingia kwa njia hiyohiyo, kisha jembe. Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, iliyotolewa 2015, ilikadiria kuwa nchi inapoteza hekta 372,816 za misitu kila mwaka. Msumeno wa mbao peke yake haufiki huko. Kilimo na mkaa ndivyo vyenye mdomo mpana.

Dawa moja ilijaribiwa hapahapa mkoani. Msitu wa Mgori, kaskazini mashariki mwa mji wa Singida, ulikuwa umepimwa ili uwe hifadhi ya serikali. Katikati ya miaka ya 1990 ukakabidhiwa vijiji vitano badala yake, kila kijiji na kipande chake, sheria zake ndogo na mgambo wake wa doria. Ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kusimamiwa na wanavijiji namna hiyo, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikaja kuipa njia hiyo nguvu.

Kilwa walikwenda mbele zaidi. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya huko, wa Kikole ukiwamo, ilipata cheti cha FSC, cha uvunaji unaotunza msitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji. Miti inahesabiwa kwanza, ndipo kinapoamuliwa kiasi cha kukata, na fedha ya mpingo inabaki kijijini. Kijiji chenye fedha ya mti kina sababu ya kumfukuza mchoma mkaa usiku. Kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye nguvu, kuliko bango lolote la "Tutunze misitu".

Soko la nje nalo limebanwa. Tangu mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama mwaka 2022, jamii yote ya mninga wa Afrika ipo kwenye Kiambatisho cha Pili: kuuza nje kunahitaji kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji hauumalizi mti. Lakini kitanda cha Mandewa hakivuki mpaka. Hapa kinachotazamwa ni alama ya nyundo ya ofisa misitu kwenye ubao na kibali cha kusafirishia.

Nilimuuliza fundi kama nyundo hiyo ina alama ya mti wa kutokatwa. Akacheka. "Nyundo hugongwa kwenye kinachoondoka," alisema. Ofisa misitu anaweza kuiweka alama hiyo kwa kopo la rangi: wakati wa kuhesabu miti, kila mti wenye pango upakwe mstari na kuandikwa kwenye mpango wa uvunaji kama mti wa kubaki, na katazo hilo limhusu mchoma mkaa pia.

Nyuma ya karakana palikuwa na kuni. Kipande kimoja kilikuwa kipana, kimeoza katikati, na ndani yake nta kavu ya nyuki bado imeshika ukutani.