Kasha la Unguja mbele ya kiyoyozi cha Maskati

Kifuniko cha kasha la Unguja kikipasuka huko Maskati, lawama hutupiwa joto. Joto linasingiziwa. Unyevu wa hewa ukibaki ule ule, nyuzi 10 zaidi za joto hazipunguzi unyevu wa mbao hata kwa asilimia moja. Kinachozipasua ni hewa kavu, na hewa hiyo mara nyingi tunaitengeneza wenyewe.

Mti hukatwa, lakini mbao zake huendelea kuvuta mvuke na kuuachia mpaka zilingane na hewa iliyozizunguka. Unguja, ambako unyevu wa hewa huwa asilimia 75 hadi 80, maji ndani ya mbao hufikia kama asilimia 15 ya uzito wake mkavu. Pwani ya Maskati nayo ina mvuke mwingi wa bahari. Upepo wa gharbi unapovuma kutoka jangwani hukausha kila kitu, lakini hukatika kabla ubao mnene haujakauka hadi ndani.

Kiyoyozi hakikatiki. Tazama mpira wake unavyodondosha maji nje ya dirisha: huo ni mvuke uliotolewa chumbani. Unyevu wa hewa humo ukishuka hadi asilimia 45, mbao hutafuta asilimia 8 au 9.

Tupige hesabu. Ubao wa msaji uliopasuliwa kwa kufuata pete za mti hupungua upana kwa takriban asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya unyevu unaopotea. Kifuniko cha sentimita 40 kitapungua karibu nusu sentimita. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kama misumari ya shaba imekibana kingo zote mbili, hakina pa kujivuta. Kitapasuka kwa kufuata nyuzi zake.

Mabaharia waliitumia tabia hiyo hiyo kwa faida yao. Jahazi liitwalo Sohar, lililotoka Maskati mwaka 1980 kwenda China, lilishonwa kwa kamba za nazi kama mtepe wa Lamu: mbao zikilowa huvimba na kubana maungio.

Kwa hiyo, liondoe kasha la bibi mbele ya kiyoyozi. Ukiagiza jipya, mwambie seremala apime unyevu wa mbao, na aziache wiki kadhaa katika chumba litakamokaa kabla ya kuziunga. Ufa ulioingia tayari usiuzibe kwa gundi ngumu: hewa ikirudi kuwa na unyevu, ubao utavimba, ukose nafasi, upasuke pengine.